Keria ikipasuka, tafuta kwanza kilicholegea

Simama asubuhi kando ya barabara inayotoka Kisumu kuelekea Busia au Ahero, uhesabu magari yaliyobeba mali nje ya bodi. Utaona pikapu zenye masanduku ya barafu ya mbuta, Probox zenye magunia ya omena juu ya paa, Land Cruiser za mashirika zenye mitungi ya maji na gurudumu la akiba, na magari ya wageni yanayoelekea Mbuga ya Ruma. Vingi vya vifaa hivyo havikuja na gari kutoka kiwandani. Keria, vishikio vya mitungi, masanduku ya spana na droo za buti vilitengenezwa na mafundi wa jua kali, na vikiharibika hurudishwa kwa mafundi hao hao.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Keria hupasuka, mwenye gari husimama kwa fundi injini ikiwa bado inanguruma, humwonyesha ufa na kumwambia, "Choma hapa." Baada ya wiki chache za kushuka ufuoni Seme, Uyoma au Karachuonyo, ufa mpya hutokea sentimita mbili kutoka pale pa kwanza. Fundi hulaumiwa, chuma hulaumiwa, barabara hulaumiwa. Ila mara nyingi kilichoanzisha yote ni bolti moja iliyolegea kwenye kona nyingine kabisa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa keria, kuziba ufa peke yake hakutoshi. Lazima ujue nini kilikuwa kinacheza hadi ufa ukatokea. Makala haya yanaeleza namna ya kulijua hilo, kazi zipi unaweza kuzifanya mwenyewe nyumbani, zipi zinahitaji fundi wa kuchomelea, na vitu gani havifai kukarabatiwa hata kidogo.

Suala hili si la mwenye gari pekee. Keria ikichomoka kwenye barabara kuu, wa kwanza kuipokea huwa ni mwendeshaji wa boda boda aliye nyuma, pamoja na abiria wake. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari na vifaa vyake viwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Keria uliyoifunga wewe mwenyewe ni sehemu ya vifaa hivyo.

Kwa nini chuma hupasuka kando ya weldi

Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua mahali pamoja mara nyingi. Hakitakatika mara ya kwanza wala ya pili, lakini mwishowe kitakatika bila wewe kuongeza nguvu. Chuma kimechoka. Barabara ya murram iliyojaa vituta vidogo kama mikunjo ya bati hufanya vivyo hivyo kwa keria: huitikisa mara nyingi kila sekunde, kilomita baada ya kilomita.

Uchovu huo huanzia pale ambapo nguvu hukusanyika, na mahali pa namna hiyo ni pembeni mwa weldi. Pale, moto ulibadilisha hali ya chuma, na umbo lenyewe hubadilika ghafla kutoka bomba jembamba kuwa kiungo kinene. Ndiyo maana keria nyingi hazipasuki katikati ya bomba wala juu ya weldi yenyewe, bali kwenye mstari ulio kando yake.

Sasa fikiria keria yenye miguu minne. Ikiwa yote imekazwa, uzito hugawanyika na fremu hutikisika pamoja na gari. Mguu mmoja ukilegea, mitatu iliyobaki hubeba mzigo wote na fremu huanza kujipinda kila gari linapoingia shimoni. Ufa hautatokea kwenye mguu uliolegea, kwa sababu huo haubebi kitu. Utatokea kwenye kona iliyobebeshwa kazi ya wenzake. Ukichomelea kona hiyo na kuacha mguu ule ukicheza, umeirudisha kazini na mzigo ule ule uliyoivunja.

Uchunguzi wa nusu saa

Kabla ya kwenda kwa fundi, shusha mizigo yote na uoshe keria au sanduku kwa maji na sabuni. Utelezi wa samaki na vumbi la omena huficha nyufa. Kifaa kikikauka, tafuta dalili nne.

Kwanza, shika kila kona na uitikise kwa nguvu. Mtu wa pili aweke kidole kwenye kiungo, kwa kuwa kidole huhisi mchezo mdogo ambao jicho halioni.

Pili, tazama unga wa rangi ya kahawia karibu na bolti. Kutu ya kawaida hukaa kama ganda. Ukiona unga laini unaotiririka chini ya nati kama machozi, ujue vyuma viwili vinasuguana pale na bolti haijakaza.

Tatu, tafuta chuma kinachong'aa. Mahali palipong'aa bila mtu kupapiga msasa ni mahali panaposuguliwa na kitu kingine.

Nne, fuata mistari kwenye rangi. Rangi hupasuka kabla ya wewe kuuona ufa wa chuma. Kwaruza rangi hapo, upige msasa na utazame upande wa chini pia, kwani nyufa nyingi huanzia chini ambako hakuna anayeangalia.

Maliza kwa kugonga mabomba kwa mpini wa spana. Bomba zima hulia kwa sauti ya wazi. Bomba lililoliwa na kutu kwa ndani hutoa sauti butu. Maji ya ziwa letu si ya chumvi kama ya bahari ya Mombasa, lakini chuma hakihitaji chumvi ili kiote kutu. Kinachohitajika ni maji kutuama. Gunia bichi lililolala juu ya keria usiku kucha, barafu iliyoyeyuka kwenye kona ya sanduku, au mvua iliyoingia kwenye bomba lisilozibwa mwisho wake, vyote vinatosha.

Kazi unayoweza kufanya mwenyewe

Bolti na nati. Bolti iliyopinda, iliyoliwa meno au iliyonyooka kama imevutwa isirudishwe. Nunua yenye alama ya 8.8 kichwani, ambayo ni imara kuliko bolti laini zisizo na alama. Tumia nati zenye pete ya nailoni ndani, kwa sababu pete hiyo hushika meno ya bolti na kuizuia kulegea kwa mtikisiko. Pete hiyo huchakaa, kwa hiyo nati ikifunguliwa na kurudi kwa wepesi wa mkono mtupu, ibadilishe. Chini ya nati weka washa pana ili nguvu isambae, hasa ikiwa bolti imepita kwenye bati jembamba la pikapu.

Ukishakaza, chora mstari mmoja wa rangi nyeupe unaovuka nati na kuingia kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Tone moja la rangi litakuonyesha kila asubuhi kwa kutazama tu kile ambacho vinginevyo ungehitaji spana kukijua. Kaza tena baada ya kilomita 50 za kwanza, maana vyuma vipya hujikalia.

Mpira kati ya vyuma. Chuma kisikae moja kwa moja juu ya paa au bati. Kipande cha tyubu kuukuu chini ya kila mguu huzuia msuguano na hulinda rangi. Mpira uwe mwembamba na uliobanwa vizuri. Ukirundika tabaka tatu au nne, mguu utaruka juu yake kama uko kwenye godoro. Iwapo keria ni ya alumini na bolti ni za chuma, mpira au washa ya plastiki ina kazi nyingine tena: metali mbili tofauti zikigusana palipo na unyevu, alumini huliwa polepole na kugeuka unga mweupe.

Kutu. Tumia brashi ya waya, kisha msasa, hadi uone chuma kitupu. Rangi inayopakwa juu ya kutu huificha tu na huiacha iendelee kula. Pangusa vumbi, paka rangi nyekundu ya kuzuia kutu ambayo madukani huitwa redi oksaidi, iache ikauke kabisa, kisha paka rangi ya juu mara mbili. Sanduku la chuma lisilo na tundu la kutolea maji litoboe moja la milimita 6 hadi 8 kwenye kona ya chini kabisa, na upake rangi ukingo wa tundu hilo. Ncha za mabomba zizibe kwa vifuniko vya plastiki.

Droo na bawaba. Droo za buti hukwama kwa sababu ya vumbi, na watu hukimbilia grisi. Grisi hukamata vumbi na baada ya wiki moja hugeuka kuwa msasa. Safisha reli kwa brashi kavu, kisha sugua kwa mshumaa. Nta hulainisha bila kunasa mchanga. Bawaba za masanduku ya nje zinaweza kutiwa oili kidogo, lakini ipanguse inayobaki.

Mpira wa mfuniko. Sanduku likiingiza vumbi, bana kipande cha karatasi kati ya mfuniko na ukingo, ulifunge kisha uivute. Ikitoka bila kukataa, mpira hapo umelala au komeo halivuti vya kutosha. Rekebisha komeo kwanza. Ikishindikana, mpira wa mlango wa gari kuukuu uliokatwa kwa kipimo hufanya kazi vizuri, mradi kiungo chake kiwe upande wa bawaba na si upande wa mbele unaopigwa na mvua.

Plastiki. Jua letu la ikweta hulifanya sanduku la plastiki lififie, likauke na kupasuka. Gundi za kawaida hazishiki plastiki ya aina ya mitungi ya mafuta ya kupikia. Ufa mdogo kwenye sanduku la samaki au la vifaa unaweza kutobolewa tundu dogo kila mwisho ili usiendelee, kisha ukafunikwa kwa bati jembamba la alumini pande zote mbili, likabanwa kwa bolti ndogo au ribiti na kuzibwa kwa silikoni. Kwa sanduku la barafu lenye sponji ndani ya kuta zake, lianike kwanza hadi likauke kabisa. Sponji iliyolowa haihifadhi baridi, tena huongeza uzito ambao hutauona kwa macho.

Kazi ya fundi wa kuchomelea

Ufa kwenye bomba la keria, mguu uliokatika au kishikio cha mtungi kilichong'oka vinahitaji moto. Ukiwa na ujuzi na mashine, fanya. Ukiwa huna, nenda kwa fundi, lakini nenda umejiandaa.

Fungua kifaa kutoka kwenye gari kabla ya kukipeleka. Cheche zikiangukia kioo huacha vidoti visivyofutika, na umeme wa mashine unaopita kwenye bodi unaweza kuharibu vifaa vya kielektroniki vya gari. Ikiwa haiwezekani kukifungua, tenganisha waya hasi wa betri na umwombe fundi abane waya wa kurudishia umeme karibu kabisa na pale anapochoma.

Mwombe atoboe tundu la milimita 3 au 4 mwishoni mwa ufa kabla ya kuujaza. Ncha ya ufa ni kali kama wembe, na tundu la mviringo huondoa ukali huo. Kisha usikubali kujaza tu. Mahali palipopasuka panataka msaada: kipande cha bati nene kinachopita mbali pande zote mbili za ufa, au bomba dogo linaloingia ndani ya lile kubwa. Kipande hicho kichongwe ncha zake ziwe nyembamba kama za mtumbwi, na weldi ndefu ifuate urefu wa bomba. Weldi inayokata bomba kwa upana huanzisha mstari mpya wa kupasuka.

Mabomba mengi ya keria zetu yana ukuta wa milimita 1.5 hadi 2. Kijiti kinene chenye moto mkali huyatoboa, na fundi hulazimika kujaza matundu badala ya kuunganisha. Vijiti vyembamba na weldi fupi fupi, huku chuma kikiachwa kipoe katikati ya kazi, hutoa matokeo bora. Alumini haichomelewi kwa vijiti vya chuma hata kidogo. Inahitaji mashine na ujuzi wake, na ukikosa hivyo, kipande kilichobanwa kwa bolti ni bora kuliko weldi ya kubahatisha.

Jambo moja la afya. Bomba lililopakwa zinki likichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Zinki iondolewe kwa grainda kwanza, na kazi ifanyiwe mahali penye upepo. Imani iliyoenea kwenye karakana kwamba kunywa maziwa humkinga fundi haina msingi, kwa kuwa maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni.

Yasiyokarabatiwa

Mtungi uliowahi kubeba petroli usichomewe, usipashwe moto, wala usikatwe kwa grainda, hata kama umekaa mtupu mwezi mzima. Kinacholipuka ni mvuke uliobaki ndani, na mtungi mtupu una mvuke mwingi kuliko uliojaa. Eneo letu halihitaji kukumbushwa nguvu ya petroli. Julai 2021, watu zaidi ya kumi walikufa Malanga, Kaunti ya Siaya, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, lori la petroli lililopinduka liliposhika moto watu wakiwa wameenda kuteka mafuta. Mtungi wa petroli ukivuja, nunua mwingine. Ufanye uliovuja usiweze kutumika tena, na usiugeuze kuwa wa maji ya kunywa.

Mkanda wa kufungia uliokatika nyuzi nao usishonwe wala kufungwa fundo, kwani fundo hupunguza sana nguvu yake. Bomba linaloingia bisibisi kwa kusukumwa limekwisha. Na mguu wa keria uliopinda, ukanyooshwa kwa nyundo, kisha ukapinda tena, unakuambia kwamba mzigo ni mkubwa kuliko keria.

Uzito ndio hukumu ya mwisho

Hakuna ukarabati unaoshinda uzito uliozidi. Lita 20 za maji ni kilo 20, kabla ya mtungi wenyewe. Dizeli kiasi hicho hicho ni takriban kilo 17, na petroli takriban kilo 15. Mitungi mitatu ya maji imefika kilo 60. Ongeza gurudumu la akiba la gari kubwa na uzito wa keria yenyewe ya chuma, na tayari umepita kiasi ambacho vitabu vya magari mengi huruhusu juu ya paa, yaani kati ya kilo 50 na 100. Keria huhesabiwa ndani ya kiasi hicho. Angalia kitabu cha gari lako, na ukumbuke kwamba kiasi kilichoandikwa kinachukulia barabara ya kawaida. Kwenye njia mbovu za kushukia ufuoni, au gari linapopanda na kushuka kwenye feri ya Luanda Kotieno na Mbita huku likijipinda, beba kidogo zaidi.

Kwa hiyo vitu vizito, kama maji, spana na jeki, vikae chini na karibu na katikati ya gari. Juu pawekwe vyepesi: turubai, mikeka, masanduku matupu. Gari litayumba kidogo kwenye kona, na keria itaishi miaka badala ya miezi. Mipira ya tyubu ni mizuri kwa kushikilia turubai, lakini kwa mzigo mzito haifai, kwa sababu huvutika na mzigo huanza kuruka. Tumia kamba imara au mkanda wa kukaza, na pale unapopita kwenye ukingo mkali, uvishe kipande cha bomba la kumwagilia maji lililopasuliwa.

Tuseme pia ukweli kuhusu mafundi wetu. Fundi wa Kibuye aliyepewa dakika kumi na hela kidogo, gari likiwa na mzigo juu na dereva akiangalia saa, atafanya kile alichoulizwa: atafunika ufa. Fundi huyo huyo akiletewa fremu iliyofunguliwa, iliyooshwa, yenye alama ya chaki kila palipolegea, na akalipwa muda wa kuitazama, atakuonyesha hata ulichokosa kukiona. Ujuzi upo hapa Kisumu. Kinachokosekana mara nyingi ni mteja kumpa nafasi ya kuutumia.

Kesho kabla ya kuwasha gari, zunguka mara moja. Tikisa kona nne, tazama mistari nyeupe kwenye nati, vuta mikanda. Ni kazi ya dakika tatu. Ukikuta mstari umevunjika, kaza na utafute sababu kabla ya kupakia, kwa sababu njiani hutausikia ukilegea.